Yanayoitwa mapango ya Pugu ni mgodi, na watembezi waambiwe hivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo moja kuhusu vilima vya Pugu, ambavyo siku hizi vimekuwa kimbilio la wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kutembea kwa miguu msituni mwishoni mwa juma bila kusafiri mbali. Jambo lenyewe ni kwamba yale tunayoyaita mapango ya Pugu si mapango. Ni mahandaki ya mgodi, yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakifuata kaolini, ule udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri. Na tofauti hiyo si ubishi wa maneno, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mtembezi ana sababu yoyote ya kuingia ndani.

Nimesukumwa kuandika na tukio la Jumamosi moja mwezi uliopita. Nilijiunga na kundi la watu kama 30 waliolipa kwa waandaaji fulani wa matembezi, ambao sitawataja kwa kuwa nia yangu si kuwaharibia biashara. Tulikutana Gongo la Mboto asubuhi, tukaenda hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, na kwa saa mbili za mwanzo sikuwa na la kulalamikia. Tulipofika kwenye mdomo wa handaki, kiongozi wetu alitangaza kuwa hilo ni pango la asili na kwamba ukilifuata hadi mwisho wake unatokea Mombasa. Wasomaji wa Tanga watacheka hapo, maana hadithi hiyo ni ya mapango ya Amboni, huko kwao, na sisi tumeiazima bila ruhusa. Kisha akatuingiza sote kwa mkupuo, tochi za simu zikiwaka, na kijana mmoja amebeba spika iliyokuwa ikipiga muziki.

Popo walitimka. Watu wakapiga mayowe, wengine wakacheka, na katikati ya kelele hizo kipande cha dari kikaanguka hatua moja kutoka kwa binti aliyekuwa akijirekodi. Namshukuru Mungu hakikumpata. Kiongozi akasema tusiogope, kwa sababu pango lipo tangu enzi na enzi na halijawahi kumwangukia mtu.

Nilikiokota kile kipande. Kilikuwa na ukubwa wa nusu tofali, cheupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana, chenye chembe za mchanga zilizokuwa zikimetameta kwenye mwanga wa tochi. Nilipoukandamiza ukingo wake kwa kidole gumba, ulivunjika ukawa unga. Nilikigusisha ulimi nacho kikanata, vile vile unavyonata mgongo wa kigae ambao haukupakwa mng'ao. Najua kwamba kulamba mawe si adabu, lakini kazi yangu ni kutandaza vigae, nimeshika kauri karibu kila siku kwa zaidi ya miaka 20, na mazoea ya kazi hayaachwi getini mwa hifadhi.

Vilima vya Pugu ni vya mawe ya mchanga ya kipindi kinachoitwa Mayosini, yaani kati ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita. Mchanga wake ulitokana na miamba iliyomong'onyoka, na ndani yake mlikuwa na madini ya feldispa, ambayo maji yenye asidi kidogo yakipenya kwa muda mrefu sana huyageuza kuwa kaolini, huku punje za kwatzi, ambazo haziyeyuki kirahisi, zikibaki kama zilivyokuwa. Kwa hiyo jiwe la Pugu ni punje ngumu zilizoshikanishwa na udongo laini. Ukavu ndio unaolipa nguvu. Likilowa hulainika, na kila masika maji hushuka kutoka juu ya kilima na kupenya katika nyufa za dari ile ile ambayo tulisimama chini yake tukipiga picha.

Amboni ni habari nyingine. Yale ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyotobolewa na maji ya mvua ambayo, yakiisha kuchanganyika na hewa ya kaboni, huiyeyusha chokaa kidogo kidogo. Kazi hiyo ni ya maelfu kwa maelfu ya miaka, na vilivyokuwa dhaifu vilikwisha kuporomoka kabla hajazaliwa mtu wa kuvihofia. Sisemi kwamba pango la chokaa haliangushi jiwe. Ninachosema ni kwamba handaki la mgodi halikupitia mchujo huo. Mchimbaji hukata mwamba mpaka pale anapokadiria kuwa uliobaki unatosha kubeba dari, na makadirio yake ni ya muda atakaokuwa akifanya kazi humo. Akishaondoka, hakuna anayekagua tena. Anayemwambia mgeni kuwa mgodi ulioachwa ni pango la enzi na enzi anampa utulivu ambao mwamba wenyewe haukuuahidi.

Kuna na suala la popo. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, nchini Uganda, waliugua ugonjwa wa Marburg, na uchunguzi ukakuta virusi vyake katika popo wa matunda waliokuwa wakiishi mgodini humo. Siitaji habari hiyo ili watu waende Pugu na fimbo. Popo hula wadudu na wengine huchavusha miti, na hapo walipo wanastahili kuachwa. Lakini kuwafurumusha mchana kwa muziki, ukiwa umesimama juu ya samadi yao kavu na kuivuta vumbi lake, ni jambo ambalo hakuna mzazi angemruhusu mwanawe kulifanya kama angeelezwa vizuri.

Hasara nyingine ya uongo huu mdogo ni kwamba unatunyima hadithi iliyo bora kuliko ile ya Mombasa. Neno kaolini limetokana na Gaoling, jina la mahali karibu na Jingdezhen nchini China, mji uliofinyanga kauri kwa karne nyingi. Sasa nenda Kunduchi, upande wa pili wa jiji hili hili, penye mibuyu na magofu ya msikiti wa kale, ukatazame makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Katika nguzo hizo za matumbawe na chokaa, wenyeji walipachika bakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Nyingi zimekwisha kung'olewa, na kilichobaki ni vishimo vya mviringo, laini ndani, ambavyo kiganja kinaingia sawasawa. Niliposimama mbele ya vishimo hivyo mara ya kwanza, nilikuwa sijajua kwamba udongo wa aina ile ile uliofinyangiwa vyombo vile vya China umelala pia katika vilima vya Pugu, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka makaburini. (Simlaumu mtu wa Kunduchi kwa kuagiza ng'ambo. Kauri inahitaji tanuri la nyuzi joto 1,300 hivi, na kuwa na udongo bila tanuri ni sawa na kuwa na mchele bila moto.)

Mtembezi aliyeona vishimo vya Kunduchi Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo akauona ukuta mweupe wa Pugu, atakuwa ameelewa jambo kuhusu pwani yetu ambalo miaka minne ya sekondari haikunipa. Tena ataacha kuchora jina lake kwa msumari. Kwenye kaburi la Kunduchi tunamwona mchoraji kuwa mharibifu, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iko upande wetu. Kwenye ukuta wa Pugu nilihesabu majina 17 katika kipande kisichozidi urefu wa mlango, na hakuna aliyekunja uso.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa wenye dhamana ya hifadhi, na kwa kila anayeongoza makundi, kwamba njia ya miguu iishie nje ya mahandaki, hatua za kutosha kutoka mdomoni, na kwamba pawekwe kibao cha Kiswahili kinachosema waziwazi kuwa huu ni mgodi wa kaolini ulioachwa. Atakayekuwa na sababu ya kitaaluma ya kuingia ataomba kibali, atavaa kofia ngumu na barakoa, na ataingia na mtu anayejua kusoma nyufa. Wapo watakaosema kuwa ukifunga handaki umeua safari yote. Nimetembea njia zile mara nyingi na sikubaliani nao. Msitu ule ni moja ya makazi machache yaliyobaki ya komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 1990 tu. Vijito vya vilima hivyo ndivyo vinavyoanzisha Mto Msimbazi, ule ule unaotufungia barabara Jangwani mvua zikizidi, na nadhani kila anayewahi kukwama pale kwenye daladala angependa walau mara moja kuuvuka kwa hatua moja mahali ulipo bado mwembamba na msafi.

Na popo wenyewe hawahitaji kufuatwa. Wiki moja baada ya tukio lile nilirudi na mke wangu, kwa mpango na askari wa msitu, tukakaa nje chini ya mti tukiwa tumezima simu. Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu jioni walianza kutoka, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa mkururo ambao haukukatika kwa karibu robo saa, wakipita juu yetu bila kutujali. Mke wangu, ambaye alikuja kwa kunihurumia tu, ndiye aliyekataa tuondoke kabla hajatoka wa mwisho. Magogo mawili matatu ya kukalia yangetosha kwa kazi hiyo, na niko tayari kuchangia nguvu zangu siku yatakapopangwa.

Wako,
Fundi vigae,
Ukonga, Dar es Salaam