Picha ya skrini haithibitishi mwenye pochi

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jinsi kampuni moja ya kubadilishia sarafu za kidijitali ilivyonitaka nithibitishe, kwa picha ya skrini, kwamba pochi ya kidijitali ninayoitunza mwenyewe (programu au kifaa kinachohifadhi funguo za sarafu zangu) ni yangu, ilhali picha hiyo huonyesha anwani (mfano wa namba ya akaunti ya kupokelea sarafu) na salio tu, mambo ambayo yeyote anaweza kuyasoma katika daftari la wazi la Bitcoin. Uthibitisho wa kweli ni kutumia ufunguo wa siri, yaani namba ya siri inayoruhusu sarafu zitumike, usiotoka kamwe kwenye kifaa changu, kutia saini ya kidijitali ujumbe wenye tarehe na jina la anayeuomba, au kutuma kiasi kidogo kilichokubaliwa kutoka anwani hiyohiyo. Anayedai maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi, huyo ni mwizi, na asipewe hata moja.

Msomaji wenu