Vali ya hundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya lugha. Jumapili iliyopita aliandika kwamba neno moja la Kiingereza kubeba maana ishirini ni dalili ya ufukara wa msamiati, na kwamba mfasiri hodari hulitafutia kila neno la Kiingereza neno lake moja la Kiswahili, akalishika hilohilo hadi ukurasa wa mwisho. Kuhusu ufukara sibishani naye, maana hakuna lugha isiyobisha hodi kwa jirani. Ugomvi wangu uko kwenye hilo la neno moja kwa neno moja. Ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa miaka 19 nimekuwa nikifasiri miongozo ya mitambo. Mwaka jana nilipewa nihariri mwongozo wa pampu ya maji uliokwisha kufasiriwa na mtu mwingine. Ukurasa wa nne ulisema: "Kabla ya kuwasha pampu, hakikisha vali ya hundi imefungwa kwa uelekeo sahihi." Nikadhani ameteleza tu. Nikafungua mwongozo wake wa pili, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, nikakuta wakulima wanashauriwa wajenge "mabwawa ya hundi" kwenye makorongo. Mhariri, ningelijua liliko bwawa la hundi hata moja, nisingekuwa nahariri miongozo.

Neno lililomponza ni 'check'. Bila shaka alikutana nalo kwanza kwenye karatasi za malipo, kwa tahajia ya Kimarekani, akajifunza kuwa ni hundi, kisha akafuata ushauri uleule wa safu yenu. Kumbe vali ile huruhusu maji kwenda mbele na kuyazuia yasirudi nyuma, na bwawa lile ni kizuizi kidogo cha mawe au magogo cha kupunguza kasi ya maji korongoni. Benki haihusiki.

Ukilitafuta 'check' kwenye kamusi utakuta zuia, kagua, hakiki, hundi, alama ya vyema, kitambaa cha mirabamiraba, bili ya mkahawani kwa Wamarekani, na kwenye karata za poka, kupitisha zamu bila kuweka dau. Kwa mtazamo wa haraka ni gunia la takataka. Lakini hawa wote ni ndugu, na babu yao ni mfalme.

Babu huyo ni 'shah' wa Kiajemi. Sataranji, ule mchezo wa ubao wa kumzingira mfalme wa mwenzako, ilizaliwa India, ikaingia Uajemi, Waarabu wakaipokea huko na kuisambaza. Mchezaji alipomtishia mfalme wa mwenzake alimwonya kwa kutamka "shah!", yaani mwangalie mfalme wako. Onyo hilo lilipita kwenye Kilatini na Kifaransa cha kale, likabadilika sauti njiani, na kufikia mwaka 1300 hivi Waingereza walikuwa wanasema 'chek'. Hata jina lao la mchezo wenyewe, 'chess', ni wingi wa neno hilohilo katika Kifaransa cha kale. Mtu anayekuambia kwa Kiingereza kwamba anacheza sataranji anakuambia, bila kujua, kwamba anacheza wafalme.

Mimi ni mcheza sataranji, si mzuri sana, na ndiyo maana jambo hili linaniingia. Unakuwa umepanga hatua tano mbele, farasi wako amekaa pazuri, mara mfalme wako anatishwa. Sheria haikuruhusu kugusa lolote jingine mpaka umwokoe, kwa hiyo mipango yote inasimama. Kusimama huko ghafla ndiko kulikotoka nje ya ubao na kuwa kitenzi: kusimamisha, kuzuia, kushika hatamu. Anayeshika hatamu hukagua, anayekagua huweka alama kwamba ameshaona. Vali yangu na bwawa langu viko hatua moja tu kutoka ubaoni. Wamarekani waliotunga katiba yao mwaka 1787 hawako mbali zaidi, na mfumo wao huitwa 'checks and balances', yaani mihimili ya dola kuzuiana ili isizidiane nguvu: rais anaweza kukataa kutia saini muswada, Bunge linaweza kumpiku kwa kura theluthi mbili katika kila chumba, na kila upande unaweza kumwambia mwenzake "shah!".

Na hundi je? Hii nayo ina njia yake. Katika karne ya 18 'check' ilikuwa kile kishina kinachobaki kitabuni karatasi ya malipo inapochanwa. Kilibaki ili kizuie kughushi: ukilinganisha kishina na karatasi, mwizi anaumbuka. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kishina kwenda kwenye karatasi yenyewe. Maana ya kwanza ya hundi kwa Kiingereza, basi, ilikuwa kizuizi, na yule mfasiri wangu alikuwa ameliona jani akadhani ndilo shina.

Waingereza waliandika 'cheque' kwa kuiga 'Exchequer', jina la hazina yao, ambalo nalo ni la ukoo huu. Hapa naomba nichelewe kidogo, kwa sababu hadithi hii naipenda. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry II, aliandika kitabu kuhusu kazi yake katika miaka ya 1170. Anaieleza meza ya hesabu: urefu wake futi 10 hivi, upana 5, ina ukingo pembeni ili vitu visianguke, na juu yake hutandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Maofisa wa majimbo waliletwa hapo watoe hesabu ya kodi, na hesabu ilifanywa kwa kusogeza vihesabio juu ya kitambaa kile, mbele ya macho ya wote. Meza hiyo iliitwa kwa jina la ubao wa sataranji. FitzNeal anasema ufanano haukuwa wa sura tu, kwani kama vile wafalme wanavyopigana ubaoni, ndivyo mweka hazina na ofisa wa jimbo walivyopigana mezani huku wengine wakiamua. Ile 'ex' ya mwanzo iliongezwa na wasomi waliodhani neno ni la Kilatini. Walikosea, na kosa lao limedumu. Waziri wa fedha wa Uingereza hadi leo anabeba cheo chenye ubao wa sataranji ndani yake.

Nguo za mirabamiraba zimetoka kwenye ubao huohuo. Tusiwacheke, nasi tunasema shati la drafti.

Wapo pia wanaojipenyeza kwenye ukoo bila kualikwa. Jina la nchi ya Cheki halihusiki kabisa. Na 'mate' iliyo mwishoni mwa 'checkmate' si yule 'mate' wa Kiingereza mwenye maana ya mwenzi, ambaye asili yake ni mtu wa kula naye pamoja. Hii ya sataranji ni 'mat': wengine wanasema ni Kiarabu, mfalme amekufa, wengine wanasema ni Kiajemi, mfalme ameishiwa la kufanya. Ukifuata Kiarabu, ni mzizi uleule uliotupa maiti na mauti.

Hapo ndipo mwandishi wenu aliponishangaza zaidi. Alilaumu vijana wanaosema "cheki" kwa maana ya tazama, akasema wameleta mgeni nyumbani. Mgeni gani? Babu yake alishafika kwetu zamani na ameketi barazani. Sataranji tunayo, na shaha tunaye. Kamusi zetu zinamtaja kuwa mfalme wa kwenye mchezo huo, na washairi wakamchukua wakamfanya kiongozi wa malenga. "Cheki" ni mjukuu aliyezunguka kupitia Ufaransa na Uingereza, akarudi amebadili mavazi na lafudhi. Shaha hakupita huko. Sioni sababu ya kumfukuza mmoja kwa jina la mwingine.

Miongozo ile miwili nimeisahihisha. Nimeandika "vali ya kuzuia maji yasirudi" na "vizuizi vya kupunguza kasi ya maji". Ni maneno mengi kuliko moja, na mteja alilalamika kwamba hayakutoshea kwenye mchoro. Fundi wa pampu hakulalamika.

Jambo la mwisho, Mhariri. Katika toleo lilelile, kwenye habari za kimataifa, mmeandika kwamba mfumo wa Marekani umejengwa juu ya "hundi na mizani". Naomba masahihisho yatokee Jumapili ijayo, na yasifichwe chini ya matangazo.

Wenu,
Mfasiri wa miongozo ya mitambo