Dinamo zisitupwe kwa sababu ya tochi za kuchaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taa za baiskeli, hususan kwa wenzetu wanaorudi kutoka mashambani na magulioni jua likiwa limeshazama, maana huku Tabora giza halina subira.

Siku hizi mafundi wengi huwashauri wateja wang'oe dinamo, yaani kile kijenereta kinachozungushwa na gurudumu, na kufunga tochi ya kuchaji kwenye usukani. Sina ugomvi na tochi hizo: huwaka hata baiskeli ikiwa imesimama, na mwenye umeme au sola nyumbani huzichaji kwa chaja ya simu. Ninachogombana nacho ni maandishi ya kwenye boksi. Nyingi hutumia betri za mviringo zenye namba 18650, na iliyo bora miongoni mwake hubeba miliampea-saa (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) 3,600 hivi, lakini dukani utazikuta zimeandikwa 9,900 bila haya. Hata tukiichukua hiyo iliyo bora, tukazidisha kwa volti 3.7, tunapata wati-saa 13 tu. Kwa hiyo taa inayokula wati 10 ili itoe ule mwanga mkali anaousifia muuzaji itadumu saa moja na robo hivi, na mwenye safari ndefu itamwacha porini.

Dinamo ya kusugua tairi hutoa wati 3 kwa volti 6. Wengi huidharau kwa kuwa wanaikumbuka na balbu zake za zamani, ambazo ya nyuma ikiungua, umeme wote ulielekea ya mbele, nayo ikafuata kwenye mteremko wa kwanza. Taa za LED zimebadilisha hesabu hiyo, kwani wati mbili na nusu zinatosha kutoa lumeni zaidi ya 200, mwanga wa kumwezesha mtu kuliona shimo na kulikwepa, usiku kucha kama miguu yake itakubali. Sharti ni moja: umeme wa dinamo hugeuka mwelekeo wakati wote, hivyo taa inunuliwe iliyotengenezwa kwa ajili ya dinamo, au fundi redio atie daiodi nne, za kuufanya umeme uende upande mmoja, kabla ya LED. Akiongeza na kapasita kubwa, ambayo huweka akiba ya umeme kidogo, taa itaendelea kuwaka kwa muda baiskeli inaposimama. Kasoro ya dinamo hizi ni kwamba huteleza tairi linapolowa au kujaa tope, na ndiyo maana wakati wa masika ni vyema kuwa na tochi ndogo mfukoni.

Kwa maoni yangu, anayetembea usiku mara mojamoja, tena mjini penye taa za barabarani, tochi ya kuchaji inamtosha, lakini anayebeba mzigo kila siku asiachane na dinamo. Vyovyote atakavyochagua, ainamishe taa ili mwanga uangukie barabarani mita kumi hivi mbele yake. Ujerumani sheria hairuhusi taa ya baiskeli kumulika machoni mwa anayekuja, ilhali hapa kwetu tochi zenye mwanga wa duara huelekezwa juu kana kwamba tunawinda popo.

Ningeliomba Shirika la Viwango Tanzania liwabane waagizaji waandike kwenye boksi saa ambazo taa hudumu ikiwa katika mwanga wake wa juu, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukihakiki mwenyewe nyumbani.

Nao mafundi, kabla ya kutangaza kwamba dinamo imekufa, wakague kwanza pale inapofungwa. Dinamo nyingi huwa na waya mmoja tu unaokwenda kwenye taa, na umeme hurudi kupitia chuma cha fremu. Rangi au kutu ikikaa kati ya kishikizo na fremu, taa haiwaki ng'o, na dawa yake ni msasa wa dakika mbili.

Msomaji wako,
Tabora