Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rojo la Mbao na Mashamba Yetu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atawasomea mhazini, na kamati ya moto ina taarifa yake. Mimi naomba nizungumzie rojo la mbao, yaani ule uji wa nyuzinyuzi unaopatikana mti ukichemshwa kiwandani, ambao ndio malighafi ya karatasi, maboksi na tishu.

Kazi hii kwa miaka mingi ilikuwa ya nchi za baridi. Sasa inahamia kusini. Huko British Columbia, Kanada, mbawakawa waliangamiza misindano, ndugu wa hii yetu, magogo yakaadimika na viwanda vikaanza kufungwa. Ufini ilikosa magogo ya Urusi baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022. Ilifungua kiwanda kipya Kemi mwaka 2023, lakini mwaka huohuo ikafunga cha Sunila. Wakati huo Uruguay iliwasha kiwanda cha Paso de los Toros, tani milioni 2.1 kwa mwaka, na mwaka 2024 Brazili ikawasha cha Ribas do Rio Pardo, tani milioni 2.55. Mnunuzi mkubwa ni China.

Wabrazili wanavuna mkaratusi wa miaka saba hivi, kwa miche iliyochaguliwa kwa makini, na mashamba yako karibu na kiwanda.

Huku kwetu Tanzania tuna Mgololo, kiwanda cha karatasi kilichojengwa miaka ya 1980. Jirani zetu Kenya walikuwa na Webuye, kilichoanza 1974 na kusimama 2009, mji mzima ukayumba. Kwa hiyo sisemi tutegemee mlango mmoja.

Mwezi Agosti nilifika shambani kwa mwanachama wetu mmoja, mama mjane. Misindano yake ya miaka tisa ilikuwa imeshalala chini. Dalali alikuwa ameipigia bei kwa macho, hakupima hata mti mmoja. Tulihesabu pete za kisiki pamoja, kidole changu kikinata utomvu. Akaniambia, "Mwenyekiti, ada ya shule haikungoja." Sina cha kumlaumu, na jambo hili limeniuma mpaka leo.

Kiwanda cha rojo hupokea miti myembamba na iliyopinda ambayo mwenye msumeno anaikataa. Mama yule angeuza ya kupunguzia tu, yaani ile inayoondolewa ili iliyobaki ipate nafasi, ada ingelipwa, na ile iliyonyooka ingebaki inenepe mpaka miaka kumi na minane. Lakini hakuna kiwanda kitakachotuma lori kwa nusu ekari. Kinataka kujua mzigo ni kiasi gani, uko wapi, na mwakani utakuwepo. Hilo hatujaweza kulijibu, na kosa ni letu viongozi kwa kuchelewa kuanza.

Tumeanza sasa. Daftari liko mezani kwa katibu. Kabla hujaondoka leo, andikisha ekari zako, aina ya mti na mwaka uliopanda. Asiyekumbuka mwaka, tutakwenda naye shambani.