Dereva na muuguzi wa gari la wagonjwa nao waitwe jukwaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni tangu masika ya mwaka jana. Mimi ni mama lishe hapa Inyala, Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Asiyeijua Inyala amuulize dereva yeyote wa semi. Ni pale mteremko unapomuumbua mwenye breki mbovu. Nikisikia honi ya lori inalia mfululizo bila kukatika, naacha chapati kikaangoni natoka nje, maana najua kinachofuata.

Usiku mmoja wa masika hayo honi ililia mnamo saa nne, manyunyu yanaanguka na ukungu umetanda. Lori liliigonga daladala iliyokuwa imesimama kushusha abiria. Waliotangulia kufika ni vijana wa bodaboda. Wawili walikata matawi wakayatandaza barabarani, juu na chini ya ajali, magari mengine yasije yakatuvamia. Mwingine alisimama kando ya lori lililokuwa linavuja mafuta, akawa anawazuia waliokuja na madumu. Alikuwa anapiga kelele neno moja tu: "Msamvu! Msamvu!" Kila mtu alimwelewa. Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto wa lori la petroli lililopinduka, na wengi wao walikuwa wamefuata mafuta.

Gari la wagonjwa lilipofika lilikuwa na watu wawili tu: dereva, mtu mzima, na muuguzi wa kike wa rika la binti yangu. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuwavuta majeruhi, huyu mkono, yule miguu, kwa nia njema kabisa. Muuguzi akanishika bega. "Mama, usimvute huyo, shingo yake hatuijui." Akatufundisha pale pale kwenye matope namna watu wanne wanavyomwinua mtu kwa pamoja, huku wa tano kazi yake ni kushika kichwa tu, asifanye kingine. Nimeishi barabarani hapa miaka mingi, nimesaidia ajali nyingi, na usiku ule ndipo nilipojua kwamba huenda kuna niliyemwumiza kwa kumsaidia.

Kulikuwa na mtoto wa shule ya msingi, mguu unatoka damu haizuiliki. Muuguzi alichana kanga yangu, akafunga juu ya jeraha, akaomba kijiti. Nilichokuwa nacho ni mwiko wa ugali. Akaupitisha kwenye fundo akasokota mpaka damu ikasimama. Kisha akaniomba kalamu ninayoandikia madeni ya wateja, akaandika saa kwenye paji la uso la mtoto. Sikuelewa. Baadaye binti yangu, anayesomea uuguzi, ndiye aliyenieleza kwamba mguu uliokazwa hivyo hauwezi kuachwa muda mrefu, na daktari anayempokea lazima ajue umefungwa tangu saa ngapi.

Dereva alikwenda hospitali mjini na kurudi mara tatu. Alfajiri alinikuta nachochea moto. Akaomba ndoo ya maji, akaosha machela mwenyewe, polepole, mpaka kwenye maungio. Halafu akakaa, akanywa chai ya rangi bila kusema neno. Nilikataa hela yake. Akaiacha chini ya kikombe, shilingi 500, akaondoka mbio kwa sababu simu ilikuwa inaita tena.

Mtoto yule anatembea. Mama yake aliniletea mwiko mpya.

Mei Mosi iliyofuata nilikuwa Uwanja wa Sokoine nikiuza maandazi. Majina ya wafanyakazi hodari yalipoitwa nilipiga vigelegele, maana wanastahili. Nikawa nasubiri nisikie akiitwa mtu wa gari la wagonjwa. Sikusikia. Nane Nane nayo, pale Viwanja vya John Mwakangale, wakulima na wafugaji bora wanapongezwa mbele ya umati. Shemeji yangu ananiambia watu wa gari la wagonjwa wanalipwa mshahara, ni wajibu wao. Mwalimu naye analipwa mshahara, na akifaulisha tunampa cheti, hakuna anayenung'unika.

Binti yangu amenieleza maana ya ile nyota ya bluu inayochorwa kwenye magari ya wagonjwa. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 na ina ncha sita: kugundua tukio, kutoa taarifa, kufika, kuhudumia pale pale, kuhudumia njiani, kukabidhi hospitalini. Huko kwao wana wiki ya kuwaenzi watu wa kazi hii, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1974. Nilipozihesabu ncha hizo kwa vidole niliziona sura za usiku ule. Mbili za kwanza ni za vijana wa bodaboda, ambao hata hawana mwajiri wa kuwapendekeza.

Kwa hiyo naomba mkoa wetu uweke tuzo yao, na jirani zetu wa Songwe, Njombe na Iringa wakipenda wafanye hivyo. Itolewe kwa dereva na muuguzi pamoja, kwa sababu hakuna aliyemwokoa yule mtoto peke yake. Isipimwe kwa mwendo kasi hata kidogo. Tukizawadia kasi kwenye milima hii tutawazika wao. Waulizwe watu wa kando ya barabara, wa Inyala, Igawilo, Mbalizi, hadi Kitonga, kwani wao wanaona nani alifanya nini. Serikali za vijiji zipeleke majina ya bodaboda, na pia ya madereva jamii wa m-mama, wale wanaoitwa usiku kwa namba 115 kumtoa mjamzito kijijini. Vijana hawa cheti pekee hakitawatosha. Wapewe na mafunzo ya huduma ya kwanza na boksi la glovu, maana usiku ule walishika damu kwa mikono mitupu.

Majina ya yule dereva na yule muuguzi ninayo. Nimeyaandika kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa mwanzo. Siyatoi gazetini kwa kuwa sijawaomba ruhusa, lakini ofisa atakayeyahitaji anitafute mteremkoni. Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshawasha moto.

Mama lishe,
Inyala, Mbeya