Usiku wa mtoto mchanga si wa mama peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala ya ukurasa wa familia iliyowataka wazazi wamzoeze mtoto mchanga kulala usiku kucha tangu wiki za mwanzo. Kwa heshima zote, ushauri huo unamtwisha mtoto jambo asiloliweza. Mchanga hajui usiku wala mchana, na mwili wake huanza kuvitofautisha anapokaribia miezi 2 au 3; tumbo lake nalo ni dogo, ndiyo maana hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Tena kunyonyesha usiku husaidia maziwa yasipungue, kwa kuwa homoni inayoyatengeneza hupanda zaidi saa hizo.

Kinachopaswa kupangwa upya, kwa maoni yangu, ni zamu za watu wazima. Katika nyumba nyingi huchukuliwa kwamba, kwa kuwa titi ni la mama, basi usiku wote nao ni wake. Lakini kuna pia kumweka mtoto begani mpaka acheue, kumbadilisha nepi katika mwanga hafifu bila maongezi ili asichangamke, na kumlaza tena chali, kazi ambazo baba, bibi au shangazi anaziweza kabisa, mama akiwa ameshageukia ukutani na kushikwa na usingizi. Hata kujua wakati wa kutulia ni kazi: mchanga huguna, hujinyonganyonga, pengine hulia kidogo angali usingizini, na anayekimbilia kumnyanyua papo hapo ndiye anayemwamsha.

Wala si suala la starehe ya mama. Mzazi aliyechoka kupita kiasi husinzia kwenye kochi mtoto akiwa kifuani, na hapo mtoto anaweza kubanwa akakosa pumzi. Kilio kisichokoma kikimkuta peke yake, hasira nazo hupanda. Ni afadhali amlaze mtoto mahali salama na atoke chumbani kwa dakika chache kuliko kumtikisa, maana mtikiso huumiza ubongo. (Mchanga mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya na haamki kwa urahisi, huyo apelekwe hospitali usiku huohuo.)

Ningeomba mwandishi wenu, atakaporudi kwenye mada hii, azungumze na akina baba kuhusu saa nane za usiku, kwani makala nzima haikuwagusa hata kwa neno moja.

Wako,
Mzazi na msomaji wa kila siku