Lami ije, lakini safu za minazi za Mafia zibaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa baadhi ya wasomaji litaonekana dogo likiwekwa kando ya bei ya vyakula na nauli ya boti ya Nyamisati, nalo ni safu za minazi zilizosimama pande zote mbili za njia za kisiwa chetu cha Mafia, pamoja na zile sehemu chache ambazo msafiri akifika hujikuta amesimama mwenyewe, bila kuambiwa, aitazame bahari. Kwa miaka mingi hatukuzihesabu kuwa chochote. Tulipita chini yake tukienda shuleni, sokoni na mazikoni, na aliyeinua macho juu alikuwa mkwezi peke yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa huko.

Mgeni wa Mafia kwa kawaida huletwa na bahari. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, sifa yetu imekuwa matumbawe ya Ghuba ya Chole na wale papa potwe wanaosogea karibu na Kilindoni, mji wetu mkuu, kuanzia mwezi wa Oktoba. Mgeni alikuwa akishuka katika ndege, anapakiwa katika gari, anapelekwa Utende kilomita 14 tu, na siku ya kuondoka anarudishwa kwa njia ileile, huku kisiwa chenyewe akiwa amekiona kupitia kioo. Siku hizi mambo yamegeuka. Vijana kutoka Dar es Salaam, na wageni wa nje pia, hukodi pikipiki au baiskeli Kilindoni wakashika njia ya kaskazini, Baleni, Kirongwe, Kanga hadi Bweni, na ukiwauliza wanakwenda kutazama nini, wanakujibu kwamba wanakwenda kutazama njia.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi barazani kwa ndugu yangu, upande wa Baleni, nikaona pikipiki imesimamishwa katikati ya barabara. Wasichana wawili walishuka, mmoja akalala chali palepale njiani na simu yake mkononi, ili picha ipate pale ambapo makuti ya upande huu na ya upande ule yanakaribia kugusana. Mwenzake akasimama akimwelekeza asogee kushoto, asogee tena. Haikupita dakika moja akatokea bodaboda aliyefunga madumu matatu ya mafuta ya kula, naye kwa kumkwepa yule aliyelala akaingia katika mchanga wa pembeni, gurudumu la mbele likazama, akaanguka. Dumu moja lilipasuka na mafuta yakanywewa na mchanga huku sote tukitazama. Mwenyewe hakuumia isipokuwa kiwiko, na wale wasichana, niseme haki yao, waliomba radhi na kulipa dumu zima bila kubishana. Ila nilipowauliza kwa nini hawakuegesha pembeni, mmoja wao aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Pembeni wapi, mzee?”

Ni kweli hapakuwa na pembeni. Kulikuwa na njia, kisha mchanga laini, kisha mnazi.

Sasa, minazi haioti yenyewe kwa mstari. Safu hizi zilipandwa kwa kamba na kipimo, nyingi zikiwa masalia ya mashamba yaliyoanzishwa na mabwana waliokuwa chini ya masultani wa Zanzibar, kabla kisiwa hiki hakijakabidhiwa kwa Wajerumani kufuatia mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1890. Na waliochimba mashimo yake, wakapanda na kumwagilia, walikuwa zaidi watumwa ambao hawakuambulia hata dafu moja la halali yao. Nalitaja hili kwa sababu tunapomwonyesha mgeni uzuri wa njia yetu tusimfiche kazi ya nani anaitazama. Mashamba yaligawanyika, yakarithiwa, yakauzwa mti mmoja mmoja, hadi leo unaweza kukuta safu moja ya minazi kumi na miwili ina wenyewe watano.

Anayetaka kujua umri wa mnazi na asogee kwenye shina. Atakuta vidato, zile pengo zilizochongwa kwa panga kupokezana kulia na kushoto, ambazo mkwezi hutia vidole vya miguu akipanda. (Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza kwamba jina la darasa lao limekwea mnazi kabla yao.) Katika mnazi kijana vidato bado vina ncha kali. Katika minazi ya njia ya Baleni vimezibwa na gome mpaka vimekuwa kama makunyanzi, na vya juu kabisa hakuna anayevitumia tena, kwa kuwa shina limekonda kuelekea kileleni na mkwezi mwenye akili haupandi mti wa namna hiyo kwa ujira wa nazi mbili. Mnazi wetu mrefu wa asili huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8 na huweza kuishi zaidi ya miaka 60, lakini hauishi milele. Mingine imetobolewa kwenye kilele na chonga, yule mdudu mharibifu wa minazi, makuti yakatoka yamekatwa pembe tatu kana kwamba yamepitiwa na mkasi. Mingine imekwisha kugeuzwa mbao, maana mnazi usiozaa una thamani zaidi ukilala kuliko ukisimama.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Mnazi wa ndani ya shamba ukianguka, mwenye shamba hupanda mwingine. Mnazi wa kando ya njia ukianguka, pengo hubaki. Sababu si uvivu. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mtu aliyewahi kuona alama nyekundu ya kubomolewa ukutani mwa nyumba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nani atatafuta mche, achimbe shimo, amwagilie miaka miwili, kisha siku ya siku aambiwe kwamba mti wake umevamia hifadhi na hauna fidia? Kwa hiyo kila mwaka safu hupungua kwa mti mmoja hapa, miwili pale, bila kishindo wala mtu wa kulaumiwa, na lami inapofika, greda hukuta kazi imekwisha kufanywa nusu.

Jirani yangu mmoja, ambaye ninamheshimu, aliposikia ninataka kuandika barua hii alinicheka. Alisema, “Mwalimu, mama mjamzito wa Bweni akichelewa kufika hospitali ya Kilindoni, utampungia kuti?” Swali lake ni la haki na sitalikwepa. Nimewahi kusindikiza mgonjwa katika njia hiyo wakati wa masika, gari likizama kwenye tope na sisi tukishuka kusukuma huku yeye akiugulia ndani, kwa hiyo asinihesabu miongoni mwa wanaotaka kisiwa kibaki cha vumbi ili picha za wageni zipendeze. Lami tunaihitaji, na kila kilomita yake ninaipokea kwa mikono miwili. Ninachosema ni kwamba barabara ya lami ya njia mbili, pamoja na mabega yake, huchukua upana wa mita 10 hivi, na ukiongeza mitaro bado hujakaribia mita 60 za hifadhi. Kati ya ukingo wa mtaro na mwisho wa hifadhi kuna nafasi ambayo kwa kawaida husafishwa tu, ikaota magugu.

Ninajua pia kwamba wahandisi hawapendi mti mnene karibu na lami, kwa sababu gari likiacha njia shina la mnazi halisogei. Basi inayobana ikatwe na wenyewe walipwe kwa mujibu wa taratibu. Lakini iliyo nje ya mtaro iachwe, isikatwe kwa sababu tu imo ndani ya ramani, na katika ukingo wa nyuma wa hifadhi wenye mashamba waruhusiwe kwa maandishi kupanda safu nyingine, kwa nafasi ya mita 9 ambayo ndiyo ya kawaida ya mnazi mrefu, wakiahidiwa kwamba mazao ni yao hadi siku ardhi itakapohitajika. Miche bora si kitu cha kuagiza ng'ambo. Utafiti wa minazi umefanyika Mikocheni, Dar es Salaam, kwa miongo kadhaa. Safu hiyo ikipandwa mwaka ambao lami inamwagwa, mtoto atakayezaliwa mwaka huo atapita chini ya kivuli chake akienda shule ya msingi. Ikisubiri hadi iliyopo imalizike, atakuwa mtu mzima.

Jambo la pili ni pa kusimama. Sidai majengo. Kipande cha ardhi kilichoshindiliwa, upana wa kuegesha magari mawili na pikipiki tatu, katika sehemu tatu au nne za njia ya kaskazini na moja kule Utende, mahali ambapo maji yakipwa unaona mashua zimelala upande kwenye mchanga na kisiwa cha Chole kikiwa ng'ambo kama kimesogezwa karibu. Na tafadhali kivuli cha vituo hivyo kiwe cha mwembe au mkorosho. Mtu atakayeweka benchi chini ya mnazi unaozaa, hata kama picha inapendeza namna gani, hajawahi kusikia koroma ikitua juu ya bati usiku. Hata ile minazi ya kando ya njia inapaswa kuanguliwa kwa zamu na makuti makavu kuondolewa, kazi ambayo wakwezi wetu wangeifanya kwa furaha kama ukwezi wao ungelipwa kwa wakati.

Kituo cha mwisho kingekuwa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ulipo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 juu ya jabali la matumbawe. Nilipanda mnara huo nikiwa na magoti mabovu na sikujuta. Juu upepo unakupokea kabla ya macho hayajazoea mwanga. Magharibi kuna mlango wa bahari unaotutenga na delta ya Rufiji, mashariki hakuna kitu isipokuwa Bahari ya Hindi, na ukigeuka nyuma unaona vichwa vya minazi vikiyumba vyote kwa pamoja kuelekea kusini, huku ile njia uliyokujia imefichwa kabisa. Pale Bweni kina mama wanasuka mikeka ya rangi inayosifiwa kisiwa kizima, nao wanastahili banda la kuuzia kazi zao mahali ambapo wageni wanasimama kwa hiari, badala ya kuwakimbilia madirishani mwa magari.

Nigusie kiingilio kwa ufupi. Katika sehemu moja ya kutazama, ambayo sitaitaja, nilitozwa shilingi elfu 2 na kijana wa Kizungu aliyekuwa nyuma yangu akatozwa elfu 20, wote bila risiti. Mgeni kulipa zaidi ya mwenyeji si kosa, hata hifadhi zetu za taifa zina utaratibu huo. Kosa ni bei kukaa mfukoni mwa mtu. Kibao kimoja chenye bei mbili na kitabu cha risiti cha serikali ya kijiji vingetosha, na fedha hizo ndizo zingelipa wakwezi na miche niliyoitaja.

Wapimaji wa barabara huja na vifaa vyao na kuweka vigingi kwa siku chache, kisha huondoka, na mwenye mti huambiwa baadaye. Ombi langu kwa mamlaka zinazohusika na barabara, na kwa halmashauri yetu, ni kwamba kabla ya vigingi kuwekwa kuwe na siku ya kuhesabu minazi, mti kwa mti, wenyewe wakiwapo. Mimi nimestaafu na muda ninao. Niko tayari kutembea na wapimaji kutoka Baleni hadi Bweni, kwa miguu na kwa awamu, nikiwaonyesha mnazi upi bado unazaa, upi wa nani, na upi unangoja tu upepo wa kusi, mradi tuondoke alfajiri kabla jua halijapanda.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Mafia, Mkoa wa Pwani